Mshipa Uliobanwa: Habari ya Jina na Maradhi katika Nyanda za Juu za Kusini

Neno mshipa ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa kazi nyingi kupita kiasi. Damu hupita katika mshipa. Mtu akishikwa na mkakamao wa mguu usiku husema mshipa umekaza. Mzee aliyevimba kinena husema ana mshipa, na wasikiao huelewa mara moja kuwa ni ngiri au busha. Na yule ambaye mkono wake wafa ganzi kutoka shingoni hadi kidole gumba, naye hana jina jingine ila hilohilo. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, kazi iliyoongozwa na Frederick Johnson, iliziweka maana za damu, za neva na za uvimbe chini ya kidahizo kimoja, wala haikukosea, kwani ndivyo watu walivyokuwa wakisema.

Tumeonelea kuifuata habari ya neno hili kwa kutazama maradhi ya aina moja tu, yaani neva za shingo na mkono zinapobanwa au kunaswa. Na tumechagua kuyatazama kutoka Njombe na Makambako. Sababu yake ni kwamba katika nchi hiyo ya baridi, uchumi wote umejengwa juu ya mabega na viganja vya watu: kuchuma chai, kubandua maganda ya miwati, kupasua mbao, kubeba viazi. Mahali penye kazi za namna hiyo ndipo penye maradhi haya, na ndipo upungufu wa jina unapomdhuru mtu.

Kwanza hatuna budi kuondoa dhana moja iliyoenea baina ya watafsiri wetu, kwamba Kiswahili kiliunganisha vitu hivi kwa sababu ya uchanga wake. Wayunani wa kale walikuwa na neno neuron, na Warumi nervus. Maneno yote mawili yalikuwa na maana ya ukano na hata ya uzi wa upinde kabla ya kuwa na maana ya neva. Tofauti ilianza kuonekana katika karne ya 3 kabla ya Kristo, pale Herophilos na Erasistratos wa Iskandaria walipopasua maiti na kuona kwamba baadhi ya nyuzi hizo nyeupe hazivuti mfupa bali huelekea kwenye uti wa mgongo na ubongo. Kiarabu nacho kwa neno lake asab kimezichanganya kano na neva kwa karne nyingi. Kila lugha, basi, ilianza na mshipa wake, na kila lugha ilisubiri kisu cha mpasuaji ndipo ipate neno la pili.

Hata baada ya kulipata neno la neva, maradhi yenyewe yalichelewa kupewa majina. James Paget wa London alieleza habari ya neva iliyobanwa kifundoni mwa mkono mwaka 1854, lakini haikushughulikiwa sana hadi miaka ya 1950, daktari Mmarekani George Phalen alipoichunguza na kuieneza. Habari ya kisahani cha gegedu kinachochomoza kati ya pingili na kusukuma mizizi ya neva ilieleweka vyema kwa makala ya Mixter na Barr ya mwaka 1934. Maana yake ni kwamba kamusi ya Johnson ilipotoka, wasemaji wa Kiingereza wenyewe walikuwa na miaka mitano tu tangu kuijua habari hiyo ya pili, na ile ya kwanza bado ilikuwa haijapewa uzito.

Tuyaeleze maradhi haya kwa Kiswahili cha kawaida, kwani istilahi isiyoelezeka haisanifiki. Shingo ya binadamu ina pingili saba, na kutoka humo hutokea jozi nane za neva. Zile za chini, pamoja na ya kwanza ya kifua, hukutana ubavuni mwa shingo na kufanya msuko, kama nywele zisukwavyo. Msuko huo hupita baina ya misuli ya shingo, chini ya mtulinga na juu ya ubavu wa kwanza, ukaingia kwapani. Kisha hugawanyika kuwa neva kubwa zinazoteremka mkononi. Moja huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Nyingine hupita nyuma ya kiwiko, karibu sana na ngozi, nayo ndiyo ile ambayo mtu akijigonga hapo huhisi kama amepigwa na umeme. Ya tatu hupita katikati ya mkono, ikaingia kiganjani kwa njia nyembamba iliyomo kifundoni.

Katika kila mojawapo ya sehemu hizo neva yaweza kudhurika. Pingili zikizeeka au zikielemewa, huota vijimfupa pembeni na kuuziba mlango wa neva. Watu wengi huambiwa na mganga kuwa pingili zao zimesagika, wakarudi nyumbani wakidhani mifupa yao imekuwa unga. Mwenye maradhi ya shingoni aghalabu huumia anapogeuza kichwa. Mwenye maradhi ya kifundoni huamka usiku akikung'uta kiganja, na ganzi yake huwa katika kidole gumba, cha shahada na cha kati. Ganzi ikiwa katika kidole cha mwisho, yafaa kukitazama kiwiko. Tofauti hizi zaweza kupatikana kwa maswali ya dakika tano pamoja na kumgusagusa mgonjwa, hata katika zahanati isiyo na mashine yoyote. Lakini maswali hayo sharti yaulizwe kwa maneno, na hapo ndipo tulipokwama kwa muda mrefu.

Sasa tuje Njombe. Kabla ya nchi ile kuwa na mashamba makubwa, ilikuwa chemchemi ya manamba. Wabena na majirani zao walisafiri kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko, na uandikishaji wao ulitiwa nguvu na ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoundwa mwaka 1944. Jina lenyewe la manamba latokana na namba aliyopewa kila mtu. Daftari lilijua namba yake na idadi ya siku zake za kazi; viganja vilivyoshika kisu cha mkonge tangu alfajiri havikuwa na safu yao katika daftari hilo. Kisha mwaka 1949 shirika la maendeleo la serikali ya kikoloni ya Uingereza lilianzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, na kazi ya vibarua ikawa pale pale Njombe: kubandua maganda, kuyafunga matita na kuyabeba. Chai nayo ikastawi Luponde, Kibena na Lupembe. Mchuma chai hufinya jani kwa kidole gumba na vidole viwili, mara maelfu kwa siku, huku mzigo wa majani ukimlemea mgongoni. Mwandishi wa istilahi atakayetaka kuelewa maana ya kazi ya kurudiarudia hahitaji kitabu. Na asimame saa moja kando ya shamba la chai.

Makambako historia yake ni ya njia. Hapo barabara iendayo Mbeya huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapo pia hupita reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowapa wajenzi taabu kuliko vyote, kwa wingi wa madaraja na mahandaki yake. Njia zilipokutana, soko likakua, na soko likahitaji wabeba mizigo.

Hapa yatupasa kulikumbuka neno lumbesa. Ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa juu kwa kushonewa wavu au kipande cha gunia jingine, ili mnunuzi apate viazi vingi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo imelipiga vita kwa miaka mingi, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukikumbusha kwamba gunia lisizidi kilo 100. Mjadala wote, hata bungeni, umekuwa juu ya mkulima kupunjwa. Na ni kweli hupunjwa. Lakini gunia hilo haliruki lenyewe kuingia katika lori. Liko bega linalolipokea, na iko shingo inayoinamishwa upande ili kulipisha. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kawaida kwa mwanamume mzima. Wasafiri wa karne ya 19 waliuandika mzigo wa mpagazi wa msafara kuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Tukilinganisha, twaona kwamba mpagazi wa misafara, ambaye tumezoea kumhurumia katika vitabu vya historia, alitwishwa chini ya theluthi moja ya gunia halali la leo, achilia mbali lumbesa. Ingawa yeye alitembea nao miezi, na huyu wa sokoni hatua chache tu.

Wala jambo hili si la kubuni. Mwaka 1968 daktari wa upasuaji Levy, aliyefanya kazi mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya watu wanaoumia shingo kwa kubeba mizigo mizito kichwani, akayaita maradhi hayo kwa jina la shingo ya mpagazi. Jina hilo latupendeza kwa kuwa linataja kazi ya mtu. Kwetu halikutafsiriwa, ilhali sisi ndio tuliokuwa na neno mpagazi tangu zamani, pamoja na kutwika, kujitwika, kupagaa, kutua, na ngata ya kuwekea mzigo kichwani. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya kubeba; kilichokosekana ni maneno ya kile ambacho mzigo humfanyia mbebaji.

Kwa nini? Jibu moja limo katika historia ya istilahi zetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka uleule ambao serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikafuata mwaka 1970. Kazi ilikuwa nyingi na ilipangwa kwa haja. Katika afya, haja kubwa ilikuwa maradhi ya kuambukiza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, ilihusu malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Wanakijiji wa Ubena kama wa kwingineko walijifunza kutumia maneno hayo kwa usahihi, na vyoo vikachimbwa. Ilikuwa kazi njema sana. Lakini maradhi yasiyoua, yasiyoambukiza, yanayomnyima mtu usingizi na nguvu ya kushika jembe, hayakuwa na kampeni, na kwa hiyo hayakupata msamiati.

Neva zilipata msamiati kwa mlango wa nyuma, nao ni ukoma. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na watumishi wake walifunzwa kupapasa neva kwa vidole: ile ya nyuma ya kiwiko, ya kifundoni, ya nyuma ya goti, na ile ya ubavuni mwa shingo inayopanda kuelekea sikioni. Ukoma huzifanya neva zivimbe, na iliyovimba katika njia nyembamba hujibana yenyewe. Ili kumwambia mgonjwa kinachopapaswa, mtumishi hakuweza kusema mshipa tu, maana mgonjwa angefikiri damu. Hapo ndipo mshipa wa fahamu, uliokuwamo vitabuni, ulipopata kazi ya kila siku.

Mshipa wa fahamu ni neno lenye adabu, na waalimu wengi hulipenda kwa kuwa lajieleza. Sisi tunaliona lina kasoro mbili. Ya kwanza, kupoteza fahamu ni kuzimia. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa kuwa mshipa wake wa fahamu umebanwa shingoni, si ajabu akauliza kama ataharibikiwa na akili. Ya pili, neva haileti hisia tu, bali pia hupeleka amri kwa misuli. Na mchuma chai ambaye kikombe humponyoka mkononi anaumwa upande huo wa amri. Neno neva, ambalo leo limekubalika katika vitabu vya biolojia na kamusi, halina kasoro hizo, ijapokuwa ni geni masikioni. Ushauri wetu kwa watafsiri ni huu: neva iandikwe katika kitabu, katika cheti na katika fomu, mshipa wa fahamu ubaki katika mazungumzo, kama daraja la kumvushia msikilizaji. Mshipa wa shingo uepukwe kabisa, kwa sababu wasomaji wengi wamekwisha kulijua kutoka tafsiri za Kurani kuwa ni mshipa wa damu.

Juu ya vitenzi, watafsiri huchanganya kubanwa, kunaswa na kukandamizwa. Kubanwa ni kuwa kati ya vitu viwili vinavyokaribiana, kama kidole mlangoni. Kunaswa ni kuingia mahali na kushindwa kwenda, kama ndege katika ulimbo. Neva iliyosukumwa na kisahani cha gegedu shingoni imebanwa. Neva ya kiwikoni, ambayo kwa kawaida huteleza kila mtu akunjapo mkono, ikishikwa isiteleze, imenaswa, hata kama ndani ya mnaso huo imebanwa pia. Tofauti ni ndogo, lakini yafaa kutunzwa, kwa kuwa matibabu ya kilichonaswa aghalabu ni kukifungulia njia. Kukandamizwa tumelitumia mno katika siasa, tuliache huko.

Kuhusu njia ya kifundoni, wako wanaosema mfereji na wako wanaosema tundu. Sisi tunapendelea handaki. Neno hili latoka katika Kiarabu, na kwa asili ni shimo refu lililo wazi juu, la kuzuia adui. Siku hizi hutumika pia kwa njia ya reli inayotoboa mlima. Maana zote mbili zafaa. Mifupa minane midogo ya kifundo imejipanga kama handaki la kale, lililo wazi upande mmja wa kiganja. Juu yake umetandwa utepe mgumu usiovutika, likawa handaki la reli. Ndani yake hupita kano tisa na neva moja. Kano zikivimba kwa kazi, kuta hazitanuki, na kati ya vyote vilivyomo kilicho laini kuliko vyote ni neva. Mwalimu wa Makambako hatakosa mfano wa kuwaonyesha wanafunzi wake.

Watumishi wa serikali waweza kuuliza kama maneno haya yana faida yoyote ofisini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Orodha ya maradhi ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, inayataja waziwazi maradhi ya handaki la kifundo yatokanayo na kazi ya nguvu ya kurudiarudia au ya mtikisiko. Mchuma chai aliyeajiriwa, akiandikiwa na zahanati maneno maumivu ya mkono, ameandikiwa kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote. Akiandikiwa mshipa, msomaji wa Dar es Salaam aweza kudhani ngiri. Akiandikiwa neva ya kati imebanwa kifundoni, mkono wa kulia, basi afisa ana jambo la kupima na kuamua. Mbeba lumbesa, kwa kuwa aghalabu hana mwajiri anayejulikana, hana hata fomu ya kujaza. Hilo ni suala la watunga sheria.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuweza kulimaliza, nalo ni jina la kifundo chenyewe. Wako wanaokiita kiwiko kile cha katikati ya mkono, kinachoitwa pia kisugudi. Wako wanaotumia kiwiko cha mkono kwa sehemu iliyo karibu na kiganja, panapovaliwa saa. Mpasuaji akisoma kiwiko katika barua ya rufaa, hajui afungue wapi. Kamusi za zamani zina neno kilimbili, lakini tunahofu kuwa wanaolitumia leo ni wachache. Mkono wenyewe kwetu ni tangu begani hadi ncha za vidole. Wasomaji wa bara na pwani, hasa waalimu na waganga walioko zahanati, wanaombwa kutuandikia wanavyozigawa sehemu hizo katika mazungumzo yao ya kila siku, wakitaja wilaya. Katika makala haya tumetumia kifundo cha mkono kwa hiyo ya chini, na kiwiko kwa hiyo ya kati.